Micheaux alibeba mikanda yake mwenyewe

Mhariri,

Makala ya gazeti lako la Jumapili iliyopita kuhusu watayarishaji wadogo wa filamu imeniuma. Mwandishi wako anasema kwamba tangu sinema ianze, aliyeshika usambazaji ndiye mwenye filamu, na mtayarishaji asiye na kampuni kubwa nyuma yake hana budi kuuza masta, yaani nakala mama ambayo nyingine zote hutolewa kwayo, apokee atakachopewa, arudi kwao. Si kweli kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Naomba nafasi niseme, maana kuna kijana mahali fulani ameisoma makala ile akaiamini, na kesho atapanda basi kwenda Dar es Salaam na masta kwenye mkoba. Mimi nilipanda basi hilo mwaka 2009.

Tuanze na huko mwanzo anakokutaja. Marekani mwaka 1908 wenye hataza, yaani haki za wavumbuzi, za kamera na mashine za kuonyeshea picha, mvumbuzi Edison akiwa mbele, waliungana wakataka kila anayepiga na kila anayeonyesha sinema awe chini yao. Waliokataa walikuwepo tangu siku za kwanza. Carl Laemmle, mwenye majumba ya sinema Chicago, aliasi mwaka 1909 akaanza kutengeneza filamu zake, na mwaka 1915 mahakama ikaamua kwamba muungano ule ulivunja sheria. Asiye na mtandao wa nchi nzima alikuwa na njia nyingine: aliuza haki ya kuonyesha jimbo kwa jimbo. Mtu wa Illinois ananunua haki ya Illinois kwa muda uliokubaliwa, anapewa nakala, na hana ruhusa ya kuvuka nazo kwenda Ohio. Ohio ina mnunuzi wake. Njia hiyo ilikuwa na hasara yake, maana aliyenunua jimbo akipata faida kubwa, ni yake. Louis B. Mayer alitajirika kwa kununua haki za majimbo ya New England za filamu moja ya mwaka 1915, ambayo siitaji jina kwa sababu iliwatukana Weusi na kuwatukuza waliowaua.

Lakini mtu ninayetaka wasomaji wako wamjue ni Oscar Micheaux.

Alizaliwa mwaka 1884 Illinois, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani. Alifanya kazi ya utumishi kwenye mabehewa ya kulala ya treni, akaweka akiba, akaenda kulima South Dakota ambako karibu majirani zake wote walikuwa Wazungu. Shamba lilipomshinda akaandika vitabu, na vitabu vile alivichapisha mwenyewe na kuviuza mwenyewe, mlango kwa mlango, kwa wakulima. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani kwa sababu naona ndiyo shule yake ya sinema. Kabla hajashika kamera alikwisha kujua kubisha hodi kwa mtu asiyemjua na kutoka na fedha.

Mwaka 1918 alitafutwa na George P. Johnson, karani wa posta wa mji wa Omaha, aliyekuwa akisimamia usambazaji wa filamu za Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya Weusi iliyoanzishwa mwaka 1916 na ambayo kaka yake Noble alikuwa nyota wake. Johnson alitaka kuifanya riwaya ya Micheaux, "The Homesteader", kuwa filamu. Micheaux akasema sawa, ila nami niwepo katika kuiongoza. Hawakukubaliana. Fikiria, Mhariri: mtu ambaye hajawahi kupiga filamu hata moja anaikataa kampuni pekee iliyombishia mlango. Akafungua kampuni yake, akarudi kwa wakulima wa pande za Sioux City kuwauzia hisa, na Februari 1919 filamu ikaonyeshwa Chicago, yeye ndiye mwandishi, mtayarishaji na mwongozaji.

Akaibeba. Nasema akaibeba kwa maana ya kubeba. Watu waliofanya naye kazi wamesimulia jinsi alivyokuwa akizunguka mji kwa mji na mikanda yake na picha za waigizaji, anakaa na mwenye jumba la sinema, anapatana naye siku za kuonyesha, na papo hapo anaomba malipo ya awali kwa filamu ambayo bado hajaipiga. Fedha hiyo ndiyo iliyopiga filamu iliyofuata. Kusini, ambako Weusi walizuiwa kuingia majumba ya Wazungu saa za kawaida, filamu zao zilionyeshwa usiku wa manane. Hakukuwa na msambazaji mkubwa ambaye angemfanyia hayo, kwa hiyo aliyafanya yeye.

Nakala zilikuwa chache kwa sababu kila nakala ni fedha. Mkanda uleule ulikwenda mji huu, ukatoka, ukaenda mji ule, ukikwaruzwa kila ulipopita kwenye mashine. Na kila mahali kulikuwa na mkasi. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema sinema ni biashara tu na haina kinga ya uhuru wa kusema, hivyo bodi za ukaguzi wa filamu za majimbo na za miji zilikata zilivyotaka. Filamu yake ya pili, "Within Our Gates", ilifika mbele ya bodi ya Chicago miezi michache baada ya ghasia za kibaguzi za Julai 1919 zilizoua watu 38 mjini humo. Ndani yake umati wa Wazungu unawaua Weusi bila kesi. Iliogopwa kwamba itawasha moto upya. Ilionyeshwa Januari 1920 baada ya mabishano, na ilikokwenda baadaye ilikatwa huku na kule, kiasi kwamba waliyoiona mji mmoja haikuwa sawasawa na waliyoiona mji mwingine.

Mpwa wangu alinionyesha filamu hiyo kwenye simu yake mwaka jana, maana iko wazi kwa wote. Sylvia, mwalimu anayeigizwa na Evelyn Preer, anakwenda kaskazini kutafutia fedha shule ya watoto Weusi. Mwishoni tunarudishwa nyuma kwenye maisha yake. Baba aliyemlea, Landry, ni mkulima anayelima shamba la tajiri. Sylvia amesoma, kwa hiyo ndiye anayemwekea baba hesabu, na sasa kwa mara ya kwanza mzee ana karatasi ya kumwonyesha mwenye shamba. Anakwenda nayo. Mwenye shamba anapigwa risasi dirishani na Mzungu mwingine mwenye kinyongo chake, Landry anasingiziwa, na familia inawindwa msituni. Katika umati unaowinda kuna wanawake pia; Micheaux hakuwaficha.

Nilimwambia mpwa wangu airudishe nyuma, kwenye zile hesabu. Nikazitazama tena. Mimi mwaka 2009 niliuza bangili za marehemu mama yangu nikapiga filamu Tanga na Pangani, siku 11, nikaipeleka kwa msambazaji ambaye sitamtaja. Alinipa karatasi ya ukurasa mmoja. Nilisoma mahali pa kuweka sahihi na kiasi cha fedha. Maneno "haki zote" yalikuwa mstari wa tatu. Nimeyaona miaka minne baadaye, nilipokwenda kuuliza kwa nini filamu yangu inauzwa Mombasa na kava lenye uso wa mwigizaji anayetokea dakika tatu tu. Nilipouliza diski ngapi zimeuzwa, nilijibiwa kwamba hilo halinihusu. Na kwa karatasi ile, kweli halikunihusu.

Sisemi Micheaux alimaliza vizuri. Kampuni yake ilifilisika mwaka 1928, akaanza upya, akaendelea hadi miaka ya 1940, akafariki mwaka 1951 akiwa safarini kikazi huko North Carolina. Alipiga filamu za kimya zaidi ya 20 na zilizobaki ni tatu. "The Homesteader" haipo. Haki alizishika, nakala hakuwa na uwezo wa kuziweka. Mikanda ya zama zile ilikuwa ya naitreti, inashika moto upesi na hata isiposhika huoza yenyewe kwenye kopo, na haikuwa yake peke yake iliyopotea: uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ulihesabu karibu filamu 11,000 ndefu za kimya za nchi ile, na zilizobaki katika hali ya asili ni asilimia 14.

"Within Our Gates" imebaki kwa sababu nakala moja ilikuwa Madrid, ikiwa na jina la Kihispania, "La Negra", na karibu maneno yote yanayosomwa kati ya picha yakiwa ya Kihispania. Wataalamu wa Maktaba ya Bunge la Marekani wakayarudisha kwenye Kiingereza, wakijitahidi kufuata namna Micheaux alivyokuwa akiandika, na mwaka 1993 ikaonyeshwa tena. Mahali ambapo kipande kilikosekana wakaweka maandishi ya kueleza kilichokuwepo. Filamu yake nyingine, "The Symbol of the Unconquered", ilipatikana Ubelgiji.

Nilipoyajua hayo nililia, naye mpwa akashangaa. Kaseti zangu za mwaka 2009 nilizitumia tena kurekodia harusi za watu, kwa kuwa kaseti mpya zilikuwa ghali na masta nilijua iko kwa msambazaji. Msambazaji amefunga duka. Nakala pekee niliyo nayo leo nimeletewa na binamu yangu kutoka Muscat. Aliinunua huko kwa sababu aliona bahari ya Tanga kwenye kava akakumbuka kwao. Diski hiyo hukwama kwenye kipande cha kuvuka mto, kila mara, palepale.

Filamu yangu ya pili sijaiuza kwa mtu. Mwenye ukumbi wa hapa Ngamiani tumeandikiana maonyesho sita, yeye anachukua fungu lake mlangoni nami langu usiku uleule, nikiwa nimekaa pembeni ya anayekata tiketi. Pemba ninazungumza na mtu mwingine, kwa Pemba tu, kwa miezi mitatu. Nakala mbili ziko kwa dada yangu Arusha na moja kwa yule binamu wa Muscat.

Ninakuomba mambo mawili. La kwanza, mwandishi wako aisahihishe ile sentensi ya "tangu sinema ianze". La pili, kama kuna msomaji mwenye diski ya filamu ambamo mzee anavuka mto Pangani kwa mtumbwi akiwa na sanduku la bati miguuni, na mjukuu wake anamwita kutoka ng'ambo, tafadhali asiitupe hata kama imekwaruzika. Aitume ofisini kwako. Nitaifuata mwenyewe.

Mtayarishaji wa filamu,
Ngamiani, Tanga
(Jina unalo, Mhariri, naomba lisichapwe.)