Msiwafutie wachafuzi deni kwa niaba yetu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa mliyochapisha wiki jana kuhusu mafuriko ya uwanda wa Kano, hapa Kisumu, imenishinda kuivumilia. Nusu ya kwanza mlimpa mtaalamu wa hali ya hewa. Nusu ya pili mkampa bwana mmoja anayedai kwamba mabadiliko ya tabianchi ni uzushi wa Wazungu wa kutuzuia tusiendelee, na kwamba hata mwaka wa 1961 Kano ilifurika. Kisha mkafunga kwa kusema mjadala unaendelea. Unaendelea wapi?

Ni kweli 1961 maji yalikuja, na wazee wetu wanaikumbuka mvua iliyolijaza Ziwa Victoria hadi kilele cha 1964. Hakuna mwanasayansi anayelikana hilo. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu, mvua huzidi. Ndivyo imekuwa tangu zamani. Ila hewa ikiongezewa joto la nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo lazima ushuke mahali. Kilele cha 1964 kilipitwa 2020, kikapitwa tena 2024. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zilichunguzwa na watafiti wa World Weather Attribution, kundi la wanasayansi wanaopima jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyochangia majanga ya hali ya hewa, akiwemo Mkenya mwenzetu Joyce Kimutai, wakakuta kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliziongezea nguvu hadi kufikia mara mbili. Huyo naye ni Mzungu?

Na tunajuaje kuwa ni binadamu, si jua? Nilifundisha jiografia kabla ya kurudi shambani, na hili halikuwahi kuwashinda watoto wa shule. Gesi ya kaboni dioksaidi, inayozuia joto la dunia lisitoroke, imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu 1958, kazi iliyoanzishwa na mwanasayansi Charles David Keeling. Wakati huo ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila milioni. Leo imepita 420. Kaboni iliyoongezeka inajulikana ilikotoka. Makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini mamilioni ya miaka hadi kaboni-14 yake, yaani kaboni yenye mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita, ikaisha, na hewa yetu inaonyesha alama hiyo ya upungufu. Kama lingekuwa jua, tabaka la juu la angahewa lingepata joto pamoja na la chini. Setilaiti zinaonyesha kuwa la juu linapoa.

Sasa nieleze kwa nini nina uchungu. Mto Nyando ulipovunja kingo, tulilala kwenye madarasa ya shule. Nyumbani kwangu alama ya tope ilifika kwenye komeo la mlango, na mpunga uliokuwa karibu kuvunwa ulilala majini, punje zikichipuka zingali kwenye masuke. Baraza likaitishwa. Mgeni aliyetuletea mahindi na blanketi akashika kipaza sauti akatuambia kwamba hiyo ni hasira ya Mungu kwa dhambi zetu, na tusidanganywe na habari za tabianchi. Niliinua mkono, nikaruhusiwa, na kabla sijamaliza kueleza habari za makaa ya mawe kipaza sauti kikachukuliwa: "Asante mwalimu, hayo waachie wanafunzi." Jioni ile jirani yangu, mama aliyepoteza mbuzi wake wote, aliniuliza ni dhambi gani aliyoitenda. Mama ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki! Kenya nzima haifikishi hata asilimia 1 ya gesi zinazotolewa duniani kwa mwaka, ilhali Marekani pekee imetoa takriban robo ya kaboni dioksaidi yote iliyotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze. Anayesema ni uongo wa Wazungu anadhani anatutetea, kumbe anawafutia wenye viwanda deni lao. Mwaka wa 2022 kule Sharm el-Sheikh, Misri, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kusaidia wanaopata hasara kama zetu. Nani atatulipa ikiwa sisi wenyewe tutasimama kusema hakuna aliyetukosea?

Na nikiwa bado na kalamu mkononi: tabianchi isigeuzwe kuwa kisingizio pia. Wanaoikana barazani ndio hao hao wanaoitaja tukiwauliza kwa nini tuta la mto halijarekebishwa. Mchanga unachotwa kingoni mchana kweupe, malori yanapita juu ya tuta hadi linabonyea, na hakuna anayeulizwa. Hilo halikutoka Marekani. Ni letu, na lingeweza kukomeshwa kesho asubuhi.

Ombi langu kwako ni moja. Kila Jumatatu, chini ya jedwali la ligi, chapisha vipimo vitatu: kaboni dioksaidi ya Mauna Loa, kina cha ziwa hapa Kisumu, na mvua iliyonyesha wiki iliyopita. Havihitaji nafasi kubwa. Na yeyote atakayekuja kudai ni uzushi, mwulize vipimo vyake alivichukua wapi na mwaka gani, kisha vichapishe hapo hapo kando ya hivyo vingine.

Mkulima wa mpunga,
Ahero, Kisumu