Wasindikaji wadogo wa zabibu wasaidiwe

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu soko la zabibu mkoani Dodoma, suala linalorudi kila msimu: zabibu zimeiva, mnunuzi haonekani. Na kwa kuwa hali ya hewa yetu humwezesha mkulima kuvuna mara 2 kwa mwaka, kilio nacho huja mara 2.

Mjadala umeelemea mno viwanda vikubwa. Zabibu ikishakatwa haisubiri. Msimu uliopita nilikuwa Hombolo kwa shangazi yangu. Kreti zilikaa chini ya mbuyu siku 3 zikingoja lori, nyuki wakafika kabla ya mnunuzi. Zilizosalimika zilipukuchuliwa kwa mkono, zikapondwa na kuchachushwa kwenye mapipa ya plastiki uani. Mvinyo ule (niliuonja, mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, na mzuri) hauwezi kuingia dukani, maana hauna nembo ya ubora na ua wa shangazi haufikii masharti ya kiwanda.

Sisemi masharti yaondolewe. Pombe isiyopimwa ni hatari. Ila Halmashauri ya Chamwino na Jiji la Dodoma wajenge vituo vya pamoja vya kusindika, vyenye matangi ya chuma kisichoshika kutu na mtaalamu kutoka kituo cha utafiti cha Makutupora. Familia zipeleke zabibu, zitengeneze mchuzi (maji ya zabibu ya kutengenezea mvinyo) wao wenyewe na upimwe hapo hapo. Kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pia itakuwa nafuu kukagua kituo kimoja kuliko kuzunguka nyua za kijiji kizima.

Mdau wa zabibu,
Dodoma