Kumbukumbu za jamii ya LGBT: kuhifadhi kwanza, kuonyesha baadaye

Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya kukusanya historia ya mashoga, wasagaji na watu waliovuka jinsia hapa Pwani ya Kenya, ushauri huwa mmoja: pigeni skani kila kitu, pandisheni kwenye intaneti, basi. Sisi tunaofanya kazi ya nyaraka tunaona ushauri huo umeanzia mwisho. Kuhifadhi ni kazi moja na kuonyesha ni nyingine, na baina yake panaweza kupita miaka thelathini. Hifadhi isiyotenganisha mambo hayo mawili ama itawaumiza wenye picha, ama itaogopwa na kubaki tupu.

Kabla ya kupokea hata bahasha moja, tengenezeni karatasi ya idhini. Isiulize tu kama mtu amekubali au amekataa. Igawanye: kihifadhiwe tu, kisomwe na mtafiti ndani ya chumba, kinukuliwe bila jina, kionyeshwe hadharani. Anayetoa atie alama kwa kila kitu, picha kwa picha, na aandike mwaka ambao kizuizi kitaondolewa. Aelezwe pia namna ya kubadili nia, na aambiwe waziwazi kwamba kilichokwisha kuchapishwa hakirudi. Hili si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa data nyeti.

Karatasi hiyo haitatui kila kitu. Ikiletwa picha ya sherehe yenye watu kumi na wawili, aliyeileta ni mmoja, na wengine kumi na mmoja hawajaulizwa. Picha hiyo ihifadhiwe nzima, kisha itengenezwe nakala ya kuonyesha ambayo nyuso zimezibwa kwa rangi nyeusi tii. Kufifiza uso kwa programu hakutoshi kwa sababu wakati mwingine hufumbuliwa, na kalamu ya kupaka ya simu ni mbaya zaidi: ukiongeza mwangaza wa picha, uso hutokeza chini ya wino. Angalieni pia faili za picha zilizopigwa kwa simu. Nyingi hubeba ndani yake mahali na saa ya kupigwa. Nakala kuu ibaki na habari hizo, nakala ya umma iondolewe.

Kwa majina, tumieni namba. Orodha inayounganisha namba na jina ikae peke yake, imefungwa kwa neno la siri, mikononi mwa watu wawili, wala isiwe kwenye diski moja na nyaraka. Wenye kudhani historia bila majina haina uzito wasome hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya hapa Mombasa ya Machi 2018, iliyosema kwamba kuwalazimisha watu kupimwa njia ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi kunavunja Katiba. Walalamishi waliokamatwa Ukunda wameandikwa humo COI na GMN. Hukumu hiyo ni miongoni mwa hati kubwa za suala hili Pwani, na herufi hizo hazikuipunguzia chochote. Kwa kweli hifadhi mpya ingeanza na hati za namna hiyo: hukumu, magazeti ya zamani, vipeperushi vya kliniki. Haziwi siri ya mtu, na zinafundisha kupanga faili kabla ya kugusa barua za watu.

Mahojiano ndiyo yenye hatari kubwa. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado vipo. Mahakama Kuu ilivibakisha tarehe 24 Mei 2019, na cha kwanza kinafikia kifungo cha miaka 14. Sasa mhojaji anamwambia mzee, "Usijali, hili litabaki baina yetu." Hana mamlaka ya kutoa ahadi hiyo. Chuo cha Boston College huko Marekani kilirekodi watu waliopigana katika vita vya Ireland ya Kaskazini, wakaahidiwa kwamba sauti zao hazitatolewa mpaka wafe. Mwaka 2011 zikaja amri za kisheria, na baadhi ya kanda zikakabidhiwa kwa polisi wa Ireland ya Kaskazini. Kinga iliyo imara ni kutorekodi kisichohitajika. Msiulize nani alilala na nani, wapi na lini. Ulizeni kazi, nyumba za kupanga, chama cha kuchangiana, mavazi, nyimbo zilizopigwa kwenye sherehe, nani alimuuguza nani, nani aliachwa nje ya mazishi. Humo ndimo historia ilimo. Msimulizi akiteleza akataja jina la mtu, kipande hicho kikatwe yeye akiwepo, siku hiyohiyo.

Rekodini kwa faili ya WAV, biti 24, kiwango cha 48 kHz. Saa moja ya mkondo mmoja ni kama megabaiti 500. Zimeni pangaboi, maana sauti yake haiondoki baadaye bila kuharibu ya msimulizi. Na faili za picha zisipitishwe WhatsApp kama ujumbe wa kawaida, kwani picha hubanwa na kupoteza undani usiorudi.

Adui mwingine haulizi jinsia ya mtu. Kuvu huweza kuota kwenye karatasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65, na Mombasa tunaipita mara nyingi, masika ndiyo usiseme. Nunueni kipimo cha unyevu kabla ya kununua kabati. Kosa linaloonekana kila mahali ni kufunga karatasi ndani ya mifuko ya plastiki "ili zisilowe": unyevu uliokuwemo hufungiwa ndani, na kuvu hupata nyumba. Tumieni bahasha na masanduku yasiyo na asidi, yakae juu ya rafu, si sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kina madhara kuliko feni inayozunguka wakati wote, kwa sababu karatasi huvuta na kuachia unyevu kila siku. Toeni pini na vibanio vya chuma. Hewa ya bahari huvitia kutu upesi. Selotepu na kulaminisha, kamwe.

Karatasi zikija na wadudu, zifungeni vizuri ndani ya plastiki (hapa tu ndipo inaporuhusiwa) na kuziweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Mkizitoa, msifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo matone ya maji yatajikusanya juu ya karatasi baridi. Picha, kanda na vioo visiingie friza. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu isibanduliwe. Ipigwe skani hivyohivyo, kioo kikiwa bado juu yake. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 yatosha kupigwa kwa nukta 600 kwa inchi, faili ya TIFF, kama megabaiti 25. Kaseti yenye unga mweupe ukingoni mwa utepe isitiwe kwenye mashine, kwani itachafua kanda zote zitakazofuata. Leso zisikunjwe: mkunjo ndio huchanika kwanza. Zizungushwe kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa wanga ukatoka.

Nakala za faili ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya Mombasa. Taasisi ya Magnus Hirschfeld ya Berlin ilivamiwa tarehe 6 Mei 1933, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani. Mkusanyo wake ulikuwa chini ya paa moja. Mfano wa kuigwa uko karibu zaidi: GALA, hifadhi ya nyaraka za LGBT ya Johannesburg, iliyoanzishwa 1997, nyaraka zake zimelazwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, penye vyumba na wataalamu ambao kikundi kidogo hakiwezi kuwalipa. Mkataba wa namna hiyo uandikwe kwamba mali ni ya jamii, na useme nani atachukua masanduku iwapo kikundi kitavunjika.

Lipo pia ombi kwa magazeti yenyewe. Katika maktaba zenu za picha zimo nyuso za watu waliopigwa picha wakati wa fujo za Mtwapa za Februari 2010 dhidi ya walioshukiwa kuwa mashoga na misukosuko mingine, bila kuombwa idhini. Msizifute. Ziwekeni alama ya kutochapishwa tena bila kuziba nyuso, na mfungue mazungumzo na hifadhi yoyote itakayoanzishwa kuhusu kuipatia nakala.

Wahifadhi nyaraka,
Mombasa