Risala ya Wanachama wa BMU (Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi) kwa Mgeni Rasmi, Kufunga Mafunzo ya Kutoa Nyavu Zilizotelekezwa Baharini, Kilindoni, Mafia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, wakufunzi wetu, wazee wetu wa bahari, akina mama wachuuzi, mabibi na mabwana.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuja kutufungia mafunzo haya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichotusukuma kuyaomba ni vyelezo. Meli kubwa za jodari, nyingi za makampuni ya Hispania na Ufaransa, huachia vyelezo vielee katika Bahari ya Hindi ili samaki wajikusanye chini yake. Kila kimoja ni fremu iliyofungwa maboya, yenye mkia wa kamba, na kwa vile vya zamani nyavu kuukuu, unaoning'inia makumi ya mita. Juu yake kuna boya la sola linaloieleza meli, kwa setilaiti, kilipo chelezo na hata wingi wa samaki walio chini. Mwaka 2019 Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo nchi yetu ni mwanachama, iliweka ukomo wa maboya 300 yanayofanya kazi kwa meli moja kwa wakati mmoja. Piga hesabu kwa meli zote.

Chelezo kikitoka nje ya eneo la uvuvi, kukifuata ni kuchoma mafuta bure. Mara nyingi mwenyewe huzima mawasiliano ya boya, basi. Mkondo wa kutoka mashariki hupiga pwani upande wa Mtwara, na tawi lake moja hupanda kaskazini kupita hapa, majira ya kusi na ya kaskazi. Kinachozimwa huko ndicho tunachokikuta mwambani, kimenasa kwenye matumbawe.

Mkataba wa kimataifa wa MARPOL umekataza kutupa nyavu za plastiki baharini tangu 1988. Wenye meli hujibu kwamba hawakutupa, chelezo kimepotea. Mheshimiwa, kitu ulichokuwa ukikiona kwenye kioo cha kompyuta mpaka ulipokizima wewe mwenyewe hakijapotea.

Na hasara si ya matumbawe tu. Utafiti uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba nyavu za vyelezo katika bahari hii zilikuwa zikiua papa kati ya 480,000 na 960,000 kwa mwaka. Wananasa chini, wanaoza, wanadondoka; hakuna anayewahesabu sokoni.

Katika mafunzo haya tumejifunza kutovuta kwa mashine. Zamani tulifunga kamba, tukatia moto injini, na mwamba ukaja pamoja na nyavu. Sasa wapiga mbizi wawili hushuka pamoja, mmoja akate na mwingine amwangalie mwenzake asinase. Mkia hukatwa vipande, kila kipande hufungwa madumu matupu, kikapanda chenyewe. Kazi ya asubuhi nzima kwa chelezo kimoja, tena maji yakiwa maangavu.

Hatusemi sisi ni malaika. Nyavu zetu za jarife nazo hupotea, na mwenyewe huona haya kusema. Tumekubaliana kwamba anayepoteza atoe taarifa siku hiyo hiyo, bila faini.

Mheshimiwa, picha za magunia ya taka ufukweni zinapendeza, nasi tumepiga nyingi. Lakini kule Aldabra, Ushelisheli, mwaka 2019 watu walitoa tani 25 kwa majuma matano, wakati taka zilizobaki zilikadiriwa kuwa tani 513, asilimia 83 zikiwa zana za uvuvi. Kuokota nchi kavu hakutafika mwisho. Visiwa vingine vya nchi hiyo vimeingia makubaliano na wenye meli: chelezo kikikaribia kisiwa, taarifa hutumwa, watu wakakidaka kabla hakijagusa mwamba.

Ombi letu kubwa ni hilo. Serikali itusaidie kudai kwamba boya lisizimwe kabla ya taarifa kufika kwa BMU za mwambao. Tunaomba pia injini yenye nguvu ya kufika nje ya mwamba, kwani tuliyonayo inashindana na mkondo na kushindwa. Nyavu tulizotoa zimelundikana nyuma ya banda la mnada. Tunaomba usafiri wa kuzivusha kwenda bara, maana tukizichoma hapa moshi wake ni wa watoto wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tunakuomba ukague nyavu hizo, kisha ukabidhi vyeti kwa wahitimu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.