Barua ya Wazi kwa Mjomba Anayesumbuliwa na Slaisi

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia unataka kuuza fimbo zako, eti gofu si mchezo wa mtu aliyeanza baada ya kustaafu. Nakuomba usiuze. Nguvu unazo, jicho unalo. Kinachokutesa ni slaisi, yaani mpira kupinda kulia ukiwa hewani, na slaisi ina chanzo chake.

Mpira wako ukipaa hukata kulia hadi vichakani, nawe unajibu kwa kugeuza miguu na mabega yaelekee kushoto. Hapo unalikuza tatizo. Mpira hupinda kulia pale uso wa fimbo, ule upande unaogonga mpira, unapoelekea kulia kuliko njia inayopita fimbo yenyewe. Kadiri unavyojielekeza kushoto, ndivyo fimbo inavyozidi kutoka nje, mbali na mwili wako, kuja ndani, na mpira unazidi kujizungusha. Kusi ikikuvumia usoni, ndiyo balaa kabisa.

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurekebisha chochote humo, kwa hiyo kazi yote iko kabla. Ndiyo maana nang'ang'ania mshiko.

Wewe unaikamata fimbo katikati ya kiganja cha kushoto. Ilaze kwenye mashina ya vidole, kisha utazame chini: uone vifundo viwili vya vidole vya mkono huo, hata vitatu. Ukiona kimoja tu, uso wa fimbo huwa rahisi kufika kwenye mpira ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia. Kiganja cha kulia kifunike dole gumba la kushoto. Na usiikabe! Joto letu la Tanga linaleta jasho, fimbo inateleza, unaibana zaidi, mikono inakakamaa na uso wa fimbo haurudi kuelekea unakolenga. Beba taulo kavu na glovu ya akiba. Zile raba za kushikia zioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Zikiendelea kuteleza, zibadilishwe, gharama yake si ya kuuzia fimbo.

Sasa njia ya fimbo. Unaanza kushuka kwa mabega, tena kwa pupa. Mtazame mvuvi anavyorusha kimia: kiuno hutangulia, mikono hufuata. Uzito uhamie mguu wa kushoto kwanza, kiuno kigeuke, mikono ishuke karibu na mwili. Weka chupa tupu ya plastiki sentimita chache upande wa mpira ulio mbali nawe, nyuma yake kidogo ukitazama unakolenga. Ukiigonga, fimbo imetokea nje tena.

Zoezi hili lifanye kwa ayoni 7, ile fimbo ya chuma ya masafa ya kati, mpira katikati ya miguu, nusu pigo, polepole. Draiva, fimbo ya kupigia mbali, ina uso uliosimama zaidi, huikuza slaisi kuliko fimbo nyingine. Zamu yake itafika.

Jumamosi asubuhi, kabla upepo haujashika kasi, nitakuwa uwanjani. Njoo na ayoni 7 na taulo. Draiva iache nyumbani.

Mpwa wako