Njaa huku maduka yamejaa mahindi

Mhariri,

Tabora mahindi huvunwa kuanzia Mei, lakini Januari zipo kaya zinazolala njaa na magunia yamejaa madukani. Chakula kipo, fedha ndizo hazipo. Mwenye deni la pembejeo huuza bei ikiwa chini, kisha hununua ikipanda.

Mifuko ya kinga njaa, yaani mfuko wa nje wenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ndani yake, inasaidia kuhifadhi, mradi mahindi yakauke kweli. Tikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye chupa, anika tena, la sivyo ukungu huleta sumukuvu. Kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, usiwe na tundu.

Wakopeshaji nao wasogeze marejesho hadi Novemba. Anayedaiwa Juni hawezi kusubiri.

Msomaji, Tabora