Nyota ya Mzee Feruzi

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya Isha

Ndugu yangu Rashidi,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, mama anakusalimu sana, joto ni lile lile, na Kipara bado hajalipa. Najua umenikasirikia. Kisanduku chako cha nishani za babu yako, Mzee Feruzi, kimekaa kwangu wiki saba, simu zako nimepokea mbili tu, na zote mbili nikakwambia "bado nakagua". Uongo. Kukagua nilimaliza siku ya tatu. Hizo wiki nyingine zote nilikuwa natafuta namna ya kukwambia.

Nianze na jepesi. Ile nishani ya mviringo, yenye simba aliyekanyaga joka la vichwa viwili, ni halisi. Nimeipima kwa venia, ile rula ya taya, milimita 36 barabara. Za kusubu huwa pungufu kidogo, kwani mwenye kughushi huchukua halisi akatengenezea kalibu, na madini yakipoa hunywea. Ukingoni haina mshono, usoni haina vile vitundu kama vya chapati. Hii imepigwa kwa chapa, na nywele za mfalme unaweza kuzihesabu.

Beji ya kifaru, pole. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa kifaru kweli, na Mzee Feruzi alikuwa nayo vitani Bama (Burma) mwaka 1944, hapo sina ubishi. Lakini kitambaa hiki nilikipeleka dukani kwa Mama Zuhura nikakiweka chini ya ile taa ya zambarau anayokagulia noti. Uzi ukawaka mweupe kama kanzu ya bwana harusi. Dawa za kung'arisha nyuzi namna hiyo zilienea baada ya vita. Pamba ya wakati ule ikiwekwa chini ya taa hiyo hukaa imezubaa tu. Mama Zuhura akaniuliza hiyo ni noti ya nchi gani. Sikushangaa sana. Juzi hapa kuna mtu aliniletea beji akaapa imetoka Khedive Ismail, ile meli iliyotoka Kilindini Februari 1944 ikazamishwa kabla ya kufika Colombo, wakafa watu karibu 1,300. Nikamuuliza, beji iliogelea?

Sasa nyota, ile ya Bama.

Nyota yenyewe ni halisi, Rashidi. Nasema tena kwa sababu nakujua unavyoruka mistari: nyota ni halisi. Ncha zake sita, herufi za mfalme katikati, maandishi yaliyoizunguka, vyote vimesimama vizuri. Utepe ni wa juzijuzi. Nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kwa kiberiti, nao badala ya kuwa jivu ukajikunja ukawa kidonge kigumu cheusi. Hilo nalo si neno. Utepe huliwa na nondo, mtu akanunua mwingine.

Shida iko mgongoni. Lile jina la Feruzi.

Uingereza haikuandika majina kwenye nyota za Vita vya Pili. Afrika Kusini waliandika, Australia waliandika, lakini askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu, walipewa tupu, kama walivyopewa Waingereza wenyewe. Zenye jina ni zile za Vita vya Kwanza. Jina peke yake lisingenitia wasiwasi, maana mwenye nishani angeweza kumpelekea sonara amchoree. Marehemu babu yangu kachora kadhaa hapa hapa ninapokaa. Kwa hiyo nikavaa lenzi nikatazama.

Mgongo wa nyota umeiva, rangi ya kahawa, umejaa mikwaruzo midogo ya miaka. Mikwaruzo ikifika kwenye F inakatika, halafu inaendelea upande wa pili. Yaani mikwaruzo ilikuwapo kwanza, herufi ikaja juu yake. Kingo za herufi ni kali, zinashika ukucha. Herufi ya zamani, iliyosuguliwa na mifuko na vitambaa miaka sabini, kingo zake hulegea. Nikapitisha pamba yenye spiriti, ikatoka nyeusi. Nikainusa. Kiwi, Rashidi. Mtu kapaka kiwi ya viatu ndani ya herufi, na ilipotoka shaba chini yake ikamemeta njano kama imekatwa jana.

Herufi zenyewe hazikuchorwa kwa patasi ya sonara. Zina tetemeko la ile kalamu ya umeme wanayoandikia namba za gari kwenye vioo. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba Bakari anayo moja.

Halafu lipo jambo ambalo halihitaji lenzi. Unakumbuka tulivyokuwa tukiiba ile nyota chini ya mto wa babu yako, tunaweka karatasi ya daftari juu yake na kusugua kwa penseli? Mbele ilitoka nyota nzima. Nyuma ikatoka karatasi nyeusi tupu, ukalia kwamba penseli yangu ni mbovu. Mimi sijasahau.

Sasa niambie nifanyeje. Mzungu wa Nyali anataka hati yenye sahihi yangu. Nikiandika nyota ni halisi, sijadanganya. Nikiandika Feruzi alipigana Bama, sijadanganya pia. Nani asiyejua habari za tope la bonde la Kabaw, mzee alitusimulia mpaka tukawa tunanusa. Lakini anachonunua yeye ni hiyo kalamu ya Bakari. Nyota tupu ziko nyingi duniani, bei yake ya kawaida. Nyota yenye jina la askari wa Keya hupanda, na huyo bwana anadhani jina liliandikwa na mzee mwenyewe au na jeshi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba haikuwa lazima. Jina la kweli, nyota ya kweli, na sasa ukivitia pamoja vinanuka kiwi.

Bakari akisema mimi naringa kwa sababu ya lenzi, mwambie sawa. Hati hiyo siandiki. Ninayoweza kuandika ni hii: nyota halisi, jina limechorwa karibuni. Akiitaka hivyo, aichukue kwa bei ya nyota tupu.

Na lipo lile taji la shaba, beji ya sajini meja. Hili ni halisi, limepigwa kwa chapa, vishikizo vya nyuma vya zamani. Ila si la vita hivyo. Taji la wakati wa mfalme limevimba juu kama kuba la msikiti. Hili limebonyea katikati, ni taji la Malkia, lililoanza kutumika 1953. Mzee Feruzi alitoka jeshini 1946, tena akiwa koplo. Mwanzoni nilidhani Bakari tena, lakini halina dalili yoyote ya kuchezewa, na lilikuwa limefungwa peke yake ndani ya leso, chini kabisa ya kisanduku. Mtu alilificha. Miaka ile Keya ndio waliokuwa wakipelekwa misituni kuwinda Mau Mau, na hata ng'ambo, nchi ya Malaya. Sijui kama nafanya vizuri kuuliza kwa barua, lakini…

Kwenu nani alivaa gwanda baada ya 1953? Ni yule baba mkubwa wako ambaye picha yake ilitolewa ukutani? Shangazi yako Korogwe bado ana kumbukumbu, au nimechelewa? Cheti cha mzee cha kutoka jeshini kipo? Kuna picha yoyote aliyopiga akiwa na nyota kifuani, hata iliyochanika? Na wewe mwenyewe, Rashidi, lile jina ulilijua kabla hujaniletea kisanduku? Au ulitaka nilione mimi ili wewe usimwambie Bakari?

Nijibu kabla ya Ijumaa, maana bwana wa Nyali atarudi dukani.

Ni mimi nduguyo,
Salim

Kiwi nimeifuta yote. Herufi sijazigusa, na taji nimelirudisha kwenye leso yake.